Joy Adamson na Watu wa Jangwani: Picha Zimebaki, Wenyewe Je?



Ukisimama steji ya Kitale asubuhi utaona magari ya kwenda kaskazini yakipakia. Njia yao ni Makutano, Ortum, Marich, Kainuk, Lokichar, mpaka Lodwar. Ni kama kilomita 300 hivi. Sisi wa Mabanga, Bungoma na Trans Nzoia tumezoea mvua, mahindi na miwa, na wengi wetu hatujawahi kupita Marich. Lakini watu wa huko tunawaona kila siku. Ni soja anayelinda duka usiku, ni mama anayeuza kuni na makaa, ni familia zilizokimbia njaa na wizi wa mifugo zikajenga vibanda pale Kipsongo. Wengi wetu tunawaita tu "Waturkana", hata kama mwenyewe ni Mpokot au Msamburu, na hatuulizi zaidi.

Katika toleo hili tutazungumzia mtu mmoja aliyekuja kutoka mbali sana, akalipenda jangwa la kaskazini mwa Kenya na kuzichora sura za watu wake miaka na miaka. Mtu huyo ni Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa ajili ya simba wake Elsa. Wachache wanajua kwamba kabla ya simba huyo alikuwa tayari amechora picha zaidi ya 500 za watu wa nchi hii, na kwamba picha hizo ni sehemu ya historia yetu. Tuangalie alifanya nini, alikosa nini, na sisi tumebakiwa na kazi gani.

JANGWA LILILOFUNGWA

Hebu kwanza tujue hali ya kaskazini wakati huo. Serikali ya kikoloni iliitazama sehemu ile kama ukuta wa kulizuia jeshi la Uhabeshi na Waitaliano, wala haikuiona kama nchi ya watu wa kuendelezwa. Mwaka 1902 ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, na mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine kali zaidi. Matokeo yake, mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka kaskazini bila kibali. Hakukuwa na shule za maana, hospitali zilihesabika kwa vidole, na barabara zilikuwa njia za ngamia na malori ya serikali.

Ndiyo maana serikali hiyo hiyo ililitumia jangwa kama jela. Baada ya kesi ya Kapenguria, hapo tu karibu na Kitale, iliyoanza Desemba 1952 na kumalizika Aprili 1953, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, juu kabisa kaskazini mwa Turkana. Mwaka 1959 Mzee akahamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 akaletwa Maralal. Kwa mkoloni, kumpeleka mtu Turkana ilikuwa ni kumtoa duniani.

Sasa fikiria, ndugu msomaji: miaka ile ile ambayo serikali ilikuwa ikilitumia jangwa kama kifungo, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimlipa mchoraji azunguke nchini, jangwa likiwemo, kuchora uzuri wa watu wake. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, na ni lazima tuyaweke pamoja ili tuielewe habari yenyewe.

MCHORAJI ALIKUWA NANI?

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ndiye aliyempa jina la Joy. Akifuatana naye porini alianza kuchora maua ya nchi hii, akachora mamia kwa mamia. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunukia medali ya dhahabu kwa kazi hiyo.

Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Hapo ndipo jangwa lilipomwingia moyoni. Kazi ya George ilikuwa safari tupu: wiki nyingi kwa ngamia, punda na lori, kupitia Marsabit na kandokando ya ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf. Hilo jina lilikuwa la mwana wa mfalme wa Austria, lililobandikwa na wapelelezi wa Kizungu mwaka 1888, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Ziwa likarudishiwa heshima mwaka 1975 kwa kuitwa Turkana.

Na usidhani jangwa hilo ni mchanga mtupu kama wa kwenye filamu. Kuna Chalbi, tambarare ya chumvi iliyo nyeupe mpaka macho yanauma. Kuna nyika za mawe meusi ya volkano ambapo gari hulia siku nzima. Kuna upepo wa ziwani usiolala. Na katikati ya hayo yote kuna watu, ngamia, mbuzi, na visima.

KAZI YA MIAKA SITA

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi rasmi. Ilitakiwa achore watu wa makabila zaidi ya 20 ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mambo hayo yalikuwa yanatoweka. Vijana walikuwa wanavaa kaptula na kanzu, shanga zilikuwa zinauzwa, na sherehe zilikuwa zinafupishwa. Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka sita. Alizunguka kuanzia Pwani hadi huku kwetu Magharibi, na kaskazini kote.

Utauliza, kwani kamera hazikuwako? Zilikuwako. Lakini picha nyingi za siku zile zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwa watu wa kaskazini rangi ndiyo habari yenyewe. Rangi na mpangilio wa shanga unaweza kukuambia kama msichana ameposwa, kama mama ameolewa, kama ana mtoto wa kiume. Ukitoa rangi umeifuta nusu ya maandishi. Joy alitumia rangi za maji, akamkalisha mtu mbele yake kwa saa nyingi, akachora kila uzi na kila ushanga. Kwa hiyo leo mtaalamu akitaka kujua mapambo ya miaka ya 1950 yalikuwaje, picha hizo ni ushahidi mkubwa.

Chukua mfano wa mzee wa Kiturkana. Nywele zake zilikandikwa udongo na kupakwa rangi, zikachomekwa manyoya ya mbuni. Mkononi alivaa kisu cha duara kama bangili, chenye makali upande wa nje, kikifunikwa na ngozi asijikate. Na hakuachana na ekicholong, kigoda kidogo cha kuchongwa kwa kipande kimoja cha mti. Mchana ni kiti, usiku ni mto wa kulalia, ili nywele zile zisiharibike. Kitu kimoja, kazi mbili, uzito mdogo. Mtu anayehama na mifugo hawezi kubeba makabati.

Au chukua mwanamke wa Kirendille mwenye kishungi kikubwa cha nywele kilichosimama kichwani kama upanga wa jogoo, kilichokandwa kwa udongo, mafuta na ngeu nyekundu. Kinaitwa doko. Kwa asiyejua ni urembo tu. Kwa Warendille ni tangazo: mama huyu amezaa mtoto wa kiume wa kwanza. Hukaa nacho mpaka mtoto afikie kutahiriwa, au mpaka msiba wa mwanamume wa karibu katika jamaa ukitokea.

Michoro hii ilihifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, ambayo wakati huo iliitwa Coryndon na baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Nyingine zilitundikwa katika majumba ya serikali. Mwaka 1967 Joy alichapisha kitabu chenye picha na maelezo, kiitwacho The Peoples of Kenya.

PICHA HAISEMI KILA KITU

Hapa, ndugu msomaji, ndipo pa kuangalia kwa makini. Picha inaonyesha kilicho nje ya mwili. Yaliyo kichwani mwa mtu haiwezi kuyaonyesha.

Wagabra, kwa mfano, ni wafugaji wa ngamia wanaoishi pembezoni mwa Chalbi. Nyumba zao ni fito na mikeka. Mwenye nyumba ni mwanamke, na siku ya kuhama yeye ndiye huibomoa, akaipakia juu ya ngamia na kuijenga upya mahali pengine. Vyombo vyao vya maziwa husukwa kwa nyuzi za mimea, vikabanwa mpaka visivuje hata tone. Haya unaweza kuyachora.

Lakini Wagabra pia wana hesabu ya miaka. Kila mwaka hupewa jina la siku ya wiki, na baada ya miaka saba duara linaanza tena. Sikiliza majina ya siku hizo: Ahada, Alsinini, Talassa, Arba, Kamis, Gumaata, Sabdi. Si unayatambua? Ni Ahad, Ithnayn, Thulatha, Arbaa, Khamis, Jumua, Sabt. Ni majina ya Kiarabu, yaliyotembea na watu na ngamia mpaka katikati ya jangwa, yakaingia hata kwa jamii ambayo watu wake wengi hawakuwa Waislamu. Mzee akikwambia ukame fulani ulikuwa mwaka wa Ijumaa, anajua anasema nini, na anaweza kukupangia matukio ya vizazi kadhaa bila daftari. Hili hulioni kwenye picha yoyote. Lazima umkalie mzee chini umuulize.

Na kuna visima. Sisi tunaofunga tunajua kiu ya saa kumi jioni, na bado maji tunayo mtungini. Kwa Waborana na Wagabra kisima kirefu huchotwa na wanaume waliosimama kwa mstari kutoka chini hadi juu, wakirushiana ndoo huku wakiimba ili mkono usipoteze mpigo. Kila kisima kina mtu anayesimamia zamu, na mifugo hunywa kwa utaratibu. Mahali ambapo maji ni uhai, fujo ni mauti.

Kasoro nyingine ni majina. Picha nyingi za Joy zinajulikana kwa kabila na rika: mzee wa Kiturkana, morani wa Kisamburu, mama wa Kirendille. Mchoraji jina lake liko pale, kubwa. Aliyekaa juani saa nyingi achorwe, jina lake mara nyingi hulioni. Huenda wajukuu wake wako hai, na wakipita mbele ya picha hawatajua kwamba huyo ni babu yao.

PICHA UKUTANI, WENYEWE NJE

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, picha zilirithiwa na taifa. Je, watu waliochorwa walirithiwa? Mwaka 1965 serikali mpya ilitoa waraka wake maarufu wa uchumi, Waraka namba 10, uliosema fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kule ambako ardhi na mvua vitaleta mavuno makubwa. Kwa maneno mengine, Kitale ingepata kabla ya Lodwar. Kaskazini ikabaki nyuma. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikuja kukamilika katika miaka ya 2010, nusu karne baada ya bendera kupandishwa. Ndiyo sababu wazee wa kaskazini walizoea kumuuliza msafiri anayeteremka kwenda Nairobi: "Unaenda Kenya?"

Na Joy mwenyewe? Mwaka 1956 George alileta watoto watatu wa simba, na mmoja wao akawa Elsa. Kitabu cha Born Free cha mwaka 1960 na filamu ya mwaka 1966 vilimfanya Joy kuwa maarufu dunia nzima, na fedha nyingi zikaenda kwenye hifadhi za wanyama. Ukisoma habari za Elsa utakutana na Nuru, mtumishi wa bustani aliyegeuka mlezi wa simba, na Makedde, askari wa wanyamapori, Mturkana. Hao ndio waliotembea porini na simba yule. Dunia inamkumbuka simba kwa jina kuliko inavyowakumbuka wao.

Tarehe 3 Januari 1980 Joy alikutwa amekufa karibu na kambi yake huko Shaba, Isiolo. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na watu wengi wakaamini haraka. Uchunguzi ukaonyesha ni kisu. Kijana wa Kiturkana aliyekuwa amemfanyia kazi na kuachishwa alishitakiwa na kutiwa hatiani. Hakunyongwa, kwa sababu mahakama iliona huenda hakuwa ametimiza miaka 18. Walioandika maisha ya Joy wanaeleza kwamba alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake na wengi hawakukaa naye muda mrefu.

Tuwe wazi hapa. Kuua nafsi ni kuua nafsi, na hakuna ugomvi wa kazi unaohalalisha. Lakini habari hii inatuuliza swali zito. Inawezekanaje mtu azipende sura za watu wa jangwani kiasi cha kuzichora miaka sita, halafu aishi na watu hao hao kwa ugomvi hadi mwisho? Jibu ni kwamba kuipenda sura ya mtu ni kazi rahisi kuliko kuishi naye kwa haki. Picha haidai mshahara. Picha haichoki, haiulizi, haijibu.

Na kabla hatujamlaumu marehemu, tujitazame. Yule soja wa dukani kwako umeshamlipa mwezi huu? Mafunzo ya dini yetu kuhusu ujira wa mfanyakazi unayajua, sina haja ya kukukumbusha.

JE, GAZETI LETU LINATUKUZA PICHA?

Huenda msomaji mmoja akasema: mbona mnaandika habari za picha za sura za watu, na masheikh wana maneno yao kuhusu jambo hilo? Ni kweli wanazuoni wamelizungumza, na wamehitilafiana hasa juu ya picha za kumbukumbu na elimu. Mwenye swali amwendee sheikh wake. Sisi hapa tunasoma historia. Na ni vizuri kujua kwamba ndugu zetu wa Pwani walihifadhi urithi wao kwa njia nyingine: milango ya nakshi, kuta za chokaa zilizochongwa, siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu. Kila jamii ina namna yake ya kuweka kumbukumbu. Aibu ni kutoweka yoyote.

WENYEWE WACHUKUA KAZI

Kuna habari njema. Mwaka 2008 Makumbusho ya Taifa yalifungua makumbusho ya jangwa huko Loiyangalani, juu ya ziwa lenyewe, na tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana likaanza hapo. Wa-El Molo, Waturkana, Warendille, Wasamburu, Wagabra na wengineo huja na nyumba zao, ngoma zao na vyakula vyao, wakajieleza kwa midomo yao. Hapo mgeni anaweza kuuliza, na mwenyewe akajibu. Tena jamii ambazo zimewahi kupigania malisho hukaa uwanja mmoja.

Na huku kwetu tuna bahati ambayo hatuitumii. Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyo wa Mzungu mmoja, Luteni Kanali Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo hadi alipofariki mwaka 1966 na kuuacha mkusanyo kwa taifa. Yalifunguliwa rasmi Desemba 1974, yakiwa ya kwanza ya bara nje ya Nairobi. Utaona humo vitu vya Waturkana, Wapokot, Wasabaot na Waluhya. Kutoka Mabanga ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri kuwa alasiri. Ni vijana wangapi wa chama chetu wamefika?

KIJANA, UFANYE NINI?

Usingoje mgeni aje na brashi. Kwanza, anza nyumbani. Kama wewe ni Mbukusu, muulize babu yako ni wa rika gani: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma au Basawa? Bakoki wake ni akina nani, na waliingia jandoni mwaka upi? Andika majina, usiandike "wazee wa zamani". Kama nyumbani ni Mteso, Msabaot, Mnubi au Msomali, uliza vivyo hivyo. Simu yako inarekodi sauti, basi itumie kwa jambo hili pia. Na mzee akikataa kurekodiwa, heshimu.

Pili, ukipiga picha ya mtu yeyote, andika jina lake na uombe ruhusa yake. Miaka 50 ijayo jina hilo litakuwa na thamani kuliko picha.

Tatu, mwezi wa Ramadhani tunagawa futari na sadaka. Jirani yako aliyetoka kaskazini, awe Mwislamu au asiwe, mpelekee sahani. Ukishampa, kaa naye kidogo. Muulize ametoka wapi, kwao panaitwaje, na kisima chao kinaitwaje. Usimwite "Mturkana" kama jina lake unaweza kulijua.

Joy Adamson alituachia rangi. Kwa hilo historia itamshukuru, kwani bila yeye mengi yangepotea bila alama. Majina na maneno bado yako vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka kila mwaka. Basi tuwahi.